Msomaji wa Garsen na Vitabu vya Mto Wake

Mto Tana umeandikwa kitambo, na wengi wa walioanza kuuandika walikuwa wapita njia. Johann Ludwig Krapf, yule mmisionari wa Rabai, aliufikia upande wa juu mwaka 1851 akitokea Ukambani, na habari za safari zake zikatoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Mjerumani Carl Peters aliupanda kutoka pwani mwaka 1889 akiwa na bunduki zake, na kufikia 1891 kitabu chake kilikuwa kimeshafasiriwa kwa Kiingereza. Mmarekani William Astor Chanler alishukia Lamu mwaka 1892, akaufuata mto kuelekea bara, akatoa kitabu kinene mwaka 1896. Ukivifungua vitabu vya safari za namna hiyo, wenyeji utawaona wakipiga kasia, wakiuza chakula, wakibeba mizigo au wakikimbia. Wakisema neno, ni sentensi moja iliyopita kwa mkalimani, kisha msafara unaendelea.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanamhusu anayevisoma vitabu hivyo akiwa papo hapo mtoni. Garsen, mji wa kando ya Tana, ni njia panda: barabara ya Malindi inafika hapa, ya Lamu inaanzia hapa, na ya Hola na Garissa inaendelea kaskazini. Kwenye njia panda kama hiyo hakosekani mwalimu, muuguzi, karani au kijana wa bodaboda aliyemaliza kidato cha nne na bado ana kiu ya kusoma. Riwaya anaipenda, gazeti analipitia, lakini siku moja anajiuliza: hivi kuna kitabu chochote kinachoeleza mambo ya kweli ya mahali hapa? Akikipata cha kwanza, anatafuta cha pili ili akikague kile cha kwanza. Hapo ndipo mazoea yanapoanza.

Jambo ambalo mazungumzo haya yanalisimamia ni moja. Kitabu kilichoandikwa kuhusu Tana kinabaki nusu mpaka kisomwe na mtu wa Tana, kwa sababu yeye pekee ndiye anayeweza kukisoma huku akikilinganisha na ardhi anayoikanyaga. Naye mtu wa Tana asiposoma, mto wake utaendelea kuamuliwa kwenye karatasi ambazo hajawahi kuzishika.

Kuvipata vitabu ni kazi. Kule Garissa, Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilianzisha mwaka 1996 maktaba ya ngamia: ngamia mmoja amebeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na wasomaji wanafuatwa hukohuko waliko. Mpango ule ulisifiwa dunia nzima, na sifa zile zilistahili. Ila masanduku yale yalilenga zaidi watoto wa shule na wasomaji wapya. Anayetaka historia ya mto wenyewe inabidi amwagize ndugu aliye Mombasa au Nairobi, au afungue simu. Na hapo simu inasaidia kweli. Vitabu vya karne ya 19, kina Krapf, Peters na Chanler, haki zake za kuchapisha zimeisha, kwa hiyo vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye intaneti bila malipo. Kijana wa Garsen mwenye bando anaweza leo kusoma kitabu ambacho miaka thelathini iliyopita kilimtaka afunge safari hadi maktaba ya chuo kikuu.

Basi tuanze na Peters, maana ni kitabu kibaya chenye mafunzo mazuri.

Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anakwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyezingirwa kule kusini mwa Sudan. Waingereza hawakutaka apite, akatua kwa kificho upande wa visiwa vya Lamu, akapitia Witu, akashika njia ya mto katikati ya mwaka 1889. Alipita Ngao, walikokuwa wamisionari wa Neukirchen waliofika miaka michache kabla yake. Alipita nchi ya Golbanti, ambako Mwingereza wa misheni ya Kimethodisti, John Houghton, na mkewe walikuwa wameuawa mwaka 1886 katika uvamizi wa Wamasai. Akapanda zaidi, akapigana na Waorma, akasimika bendera. Na huku yote haya yakiendelea, Emin Pasha alikuwa ameshaondoka na Henry Morton Stanley kuelekea Bagamoyo, walikofika Desemba ya mwaka huohuo. Mtu wa kuokolewa hakuwapo tena. Waliokuwapo ni Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji waliopitiwa na msafara wenye silaha.

Msomaji mgeni anaweza kukisoma kitabu kile kama hadithi ya ushujaa, kwa sababu ndivyo kilivyoandikwa. Msomaji wa Garsen anajifunza kukisoma kinyumenyume. Anashika penseli, na kila anapokuta habari anauliza: hili mwandishi aliliona kwa macho yake, aliambiwa, au alilidhania? Aliyoyaona anayawekea alama moja, aliyoambiwa alama nyingine. Baada ya sura mbili tatu anagundua kwamba Peters, anapojisifu kwa matumizi ya nguvu, ndipo anapoaminika zaidi, maana anajishuhudia mwenyewe. Anapoeleza tabia za watu aliokaa nao siku chache, haaminiki hata kidogo. Serikali yake ya Ujerumani ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa watu aliowanyonga Kilimanjaro. Habari hiyo haimo kitabuni, ilitokea baadaye, na ndiyo sababu kitabu cha mambo ya kweli kinataka mwenzake kando.

Kuna kikwazo kingine ambacho mtu wa hapa anakivuka upesi kuliko profesa wa mbali. Waandishi wa zamani waliandika majina kwa masikio yao. Waorma wanaitwa Galla kila ukurasa, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Mto unaitwa Dana. Vijiji vingine vimehama mara kadhaa kwa sababu mto wenyewe umehama. Katika karne ya 19 palichimbwa mfereji wa Belazoni, karibu na Kau, kuunganisha Tana na Mto Ozi, na maji yakaacha njia yao ya kale yakapendelea kutokea Kipini. Mgeni akiangalia ramani ya 1890 na ya leo atadhani mchoraji mmoja amekosea. Mtu wa Ngao au Garsen anajua kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Maarifa hayo hayauzwi katika duka lolote la vitabu, na yanamfanya awe msomaji wa daraja la juu.

Tupande sasa kaskazini, hadi Hola, makao makuu ya kaunti. Hapa mazoea ya kusoma yanagusa jambo zito.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya wafungwa wa Mau Mau pale Hola, watu 11 walipigwa na walinzi mpaka wakafa, kwa kosa la kukataa kazi ya lazima. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Maji! Katika nchi ya jua kama ile ya Hola, uongo huo ulichaguliwa kwa makini. Uchunguzi wa hakimu W. H. Goudie ndio ulioonyesha kuwa vifo vilitokana na mapigo. Julai ya mwaka huo Bunge la Uingereza lilikesha likijadili Hola, na mmoja wa waliosimama kuilaani serikali alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe.

Vitabu vya kulifuata jambo hili vipo, na kila kimoja kinaongeza kilichokosekana kwa mwenzake. Gakaara wa Wanjau, mwandishi aliyekamatwa Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, alipitishwa katika kambi mbalimbali, Takwa kisiwani Manda ikiwa mojawapo na Hola nyingine. Aliandika kumbukumbu zake za kizuizini kwa Kikuyu. Zilipotoka mwaka 1983 zikapata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Huyu alikuwa ndani. Mwaka 2005 vilitoka vitabu viwili kwa mpigo. Caroline Elkins aliandika kuhusu kambi, akitegemea nyaraka pamoja na masimulizi ya mamia ya wazee, na kitabu chake kikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2006. David Anderson alifuata kesi za mahakamani, akahesabu watu 1,090 walionyongwa.

Wasomi hawakukubaliana. Elkins alikadiria vifo vingi mno, mpaka laki kadhaa. Mtaalamu wa takwimu za watu John Blacker akaandika mwaka 2007 kwamba sensa zinaashiria kama 50,000. Msomaji asiyezoea anaweza kuona ubishi huo akakata tamaa, akasema basi wote ni waongo. Aliyezoea anatenganisha mambo. Kwamba mateso yalitokea, hakuna kati yao anayebisha. Kinachobishaniwa ni ukubwa wa hesabu na njia ya kuipata. Kujua watu wanabishana juu ya nini hasa ni ujuzi unaopatikana kwa kusoma vitabu vinavyopingana, na ndio unaokosekana sana katika mabaraza yetu, ambako mtu akikosolewa tarakimu moja hutupiliwa mbali maneno yake yote.

Halafu vitabu vikazaa kesi. Mwaka 2009 wazee watano walioteswa wakati ule waliishtaki serikali ya Uingereza huko London. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alikuwa Hola siku ile ya Machi. Alipigwa akazimia, akalazwa pamoja na maiti kwa kudhaniwa amekufa. Wanahistoria, Elkins na Anderson wakiwamo, walitoa ushahidi wa kitaalamu, na katika harakati hizo serikali ikakiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa na majalada ya siri ya enzi za ukoloni yaliyofichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alitangaza bungeni malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Pesa hizo ni kidogo kwa kila mmoja, na zilichelewa kwa zaidi ya nusu karne. Hata hivyo ni haki kusema kwamba bila watu waliosoma majalada yenye vumbi, hata hizo zisingetoka.

Cha kusikitisha ni kwamba vitabu hivyo vya 2005 viliandikwa kwa Kiingereza, na vinasomwa zaidi Oxford na Boston kuliko Hola yenyewe. Mtoto anayepita kila siku karibu na mashamba ya umwagiliaji ya Hola, yaliyoanzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa, anastahili kuipata habari hiyo kwa Kiswahili chepesi.

Si kila kitabu kinaumiza. Kipo kimoja kinachofurahisha, nacho kinawahusu Waorma wa Galole, upande wa Hola. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alianza kukaa nao mwaka 1978, na mwaka 1992 akachapisha utafiti wake kuhusu jinsi wafugaji hao walivyoingia katika biashara, jinsi baadhi walivyotulia karibu na maduka na shule, na jinsi wazee walivyoamua kuzuia malisho fulani na kuomba mkono wa serikali kuulinda uamuzi wao. Ni kitabu cha uchumi kinachoanzia kwa ng'ombe. Kinataka uvumilivu, sura nyingine zina majedwali mengi, lakini anayekifikisha mwisho haangalii tena mnada wa mifugo kwa macho yaleyale.

Miaka ya baadaye alirudi na mchezo wa pesa uliokuwa ukichezwa na watafiti katika jamii ndogo za mabara mbalimbali. Watu wanne wanapewa pesa. Kila mmoja anaamua kwa siri atie kiasi gani katika mfuko wa pamoja. Mtafiti anauongeza mara mbili, kisha unagawanywa sawasawa. Mwenye hila hatii kitu, anangoja mgao. Waorma walipoelezwa kanuni, wakaupa jina palepale: huu ni mchezo wa harambee. Wakatoa, kwa wastani, zaidi ya nusu ya walichopewa. Wataalamu wa Marekani wamelitaja jina hilo katika maandishi mengi tangu hapo, kwa sababu lilionyesha kwamba binadamu hachezi mchezo mtupu, anacheza maisha anayoyajua. Mtu wa Tana River anayesoma habari hiyo anapata furaha ya peke yake: watu wa kwao wamewafundisha maprofesa jambo, kwa akili zao, kwa neno la Kenya.

Ensminger huyohuyo hakuishia hapo. Mwaka 2017 alichapisha uchunguzi kuhusu ufisadi katika mradi mkubwa wa maeneo kame uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao ukaguzi wa benki yenyewe, uliotolewa 2011, ulikuwa umetilia shaka sehemu kubwa ya matumizi yake katika wilaya zilizokaguliwa, Tana River ikiwa mojawapo. Hapa msomaji anaona kitu adimu: mtafiti aliyeshikamana na mahali pamoja kwa miongo minne, akaanza na ng'ombe akafika kwenye stakabadhi. Wapita njia wa karne ya 19 walipita tu.

Vitabu vya mambo ya kweli vina tawi lingine ambalo watu wengi hulikwepa kwa kulidhania kavu, nalo ni vitabu na ripoti za maji. Kwa mtu wa Garsen hakuna tawi lenye uhai zaidi ya hilo. Huko juu, katika mabwawa ya Seven Forks, Kindaruma lilianza kazi 1968, Kamburu likafuata 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga peke yake linaweza kushika maji ya mita za ujazo zaidi ya bilioni moja na nusu. Umeme wake uliwasha Nairobi. Huku chini, mafuriko yaliyokuwa yakija mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua ndefu na baada ya vuli, yakapungua. Na mafuriko hayo ndiyo yaliyokuwa yakinywesha mpunga wa Wapokomo, yakijaza maziwa ya samaki, yakiotesha nyasi ambazo mifugo ya Waorma na Wawardei huzikimbilia bara likikauka. Mzee wa kijiji cha Idsowe anayesema mto umebadilika tangu enzi za baba yake hasemi kwa uchungu wa uzee. Yuko sawasawa na wanasayansi, naye aliliona kabla yao.

Tena ripoti hizo hueleza kwa nini mto uleule ulionyima maji huja siku nyingine kuzoa nyumba. Mvua ikizidi kule juu, mabwawa yakajaa, maji hupita juu ya kingo na tahadhari hutumwa kwa watu wa chini. Mwaka 2018 na tena 2024 familia nyingi za delta zilihama. Anayejua kusoma kipimo cha maji cha Masinga na kuhesabu siku za safari ya maji hadi Garsen anaweza kuwaambia majirani mapema wahamishe mbuzi na magunia.

Na sheria je? Hapa ndipo mtu angetamani kila kijiji cha delta kiwe na msomaji mmoja mkaidi. Mnamo miaka ya 2007 na 2008 delta iliandamwa na mipango mikubwa: miwa ya sukari, mimea ya mafuta, na mazungumzo ya kuipa Qatar hekta 40,000 za kilimo. Kila mpango ulikuja na karatasi: tathmini ya athari za mazingira, notisi, ramani zenye rangi. Katika ramani nyingine malka, zile njia za mifugo kufika mtoni, hazikuchorwa. Mtu asiyeisoma ramani hawezi kujua kwamba malka ya babu yake imefutwa.

Wakaazi wa delta wakaenda Mahakama Kuu. Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamuru mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itengenezwe, wananchi wenyewe wakishirikishwa kikamilifu. Hukumu hiyo imewekwa wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, mtu yeyote anaisoma bure kwa simu. Lugha yake ni nzito mwanzoni, lakini ni insha ya kweli kuhusu nani anaishi hapa na kwa nini. Mwaka mmoja nyuma, 2012, delta ilikuwa imeandikishwa katika Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, hekta 163,600. Na mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi ya nyani ya Tana River, iliyotangazwa 1976 kwa ajili ya mbega wekundu na mangabei wasiopatikana kwingine duniani, haikuwa imeundwa kwa kufuata sheria. Karatasi tatu, na zote zinaamua nani apite wapi na mbuzi wake.

Kuna nyaraka nyingine ambazo msomaji wa hapa anazifungua kwa moyo mzito. Agosti 22, 2012, katika kijiji cha Riketa, watu wapatao 52 waliuawa kwa siku moja, wengi wakiwa wanawake na watoto. Mauaji ya kulipizana yakaendelea mpaka Januari 2013, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao, na waliokufa wote wakapita mia. Rais Mwai Kibaki aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Mengi yameandikwa kuhusu miezi ile, na mengi yaliandikwa haraka: Wapokomo wakulima, Waorma wafugaji, maji na nyasi, basi. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaacha siasa ya uchaguzi wa 2013, mgawanyo wa maeneo ya ubunge, silaha, na mashamba makubwa yaliyokuwa yamebana pande zote mbili. Msomaji wa Garsen, awe wa upande wowote, anazisoma ripoti hizo akitafuta jina la ndugu. Anayeweza kuzisoma kwa haki, akakubali maumivu ya upande wa pili yalivyoandikwa, amefanya kazi ambayo wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, wameifanya miaka mingi kwa mdomo. Hakuna usomaji mgumu kuliko huo, na hakuna unaohitajika zaidi.

Mazoea haya yote yakikomaa, msomaji huanza kuona mapengo kwenye rafu.

Kiswahili chenyewe kina historia ndefu ya vitabu vya mambo ya kweli. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na wenzake waliandika desturi za Waswahili zikachapishwa mwaka 1903. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. James Mbotela aliandika kuhusu watumwa waliokombolewa na kuletwa Frere Town, mwaka 1934. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kusema Kiswahili ni cha mashairi na hadithi tu. Lakini katika rafu hiyo tukufu, Tana iko wapi? Wapokomo waliandikwa na Alice Werner, kwa Kiingereza, na A. H. J. Prins mwaka 1952, kwa Kiingereza. Uislamu wa Wapokomo wa juu ukachunguzwa na Robert Bunger mwaka 1973, kwa Kiingereza. Lugha za mto huu zimechambuliwa kwa heshima kubwa na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, wakionyesha kwamba Kipokomo, Kiilwana, Kimijikenda, Kiswahili na Kikomoro ni ndugu wa tumbo moja, na kitabu hicho nacho kwa bei yake na kwa lugha yake kimemwacha nje mwenye tumbo.

Mfano unaouma kuliko yote ni wa Mzee Meza Moroa Galana wa Makere ya Gwano. Wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto aliouimba ndio uliokuwa msingi wa sauti ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kila asubuhi ya Jumatatu watoto wa shule kutoka Vanga hadi Turkana husimama wima kwa sauti iliyotoka kando ya Tana. Wasifu kamili wa mzee huyo, unaoeleza alikolelewa, aliyemfundisha, alivyoishi baada ya taifa kuuchukua wimbo, ungepaswa kuwa katika kila maktaba ya shule ya kaunti hii. Mwenye nafasi ya kuuandika ni mtu anayejua Kipokomo na anayeweza kukaa na jamaa zake bila mkalimani.

Nyumba ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue Nairobi, ina ripoti za kila mwaka za wilaya ya Tana River za enzi za ukoloni. Zinasomeka. Msomaji wa Garsen akienda mjini kwa shughuli nyingine anaweza kujitengea asubuhi moja akaomba jalada, akanakili alichoandika mkuu wa wilaya kuhusu mafuriko, kodi na njia za mifugo, kisha akarudi nacho mtoni. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini Masinga lilipokamilika mwaka 1981 sasa amepita sitini. Wazee hao wapo Ngao, wapo Golbanti, wapo Wayu na Idsowe. Maswali ya kuwauliza ni mepesi, na majibu yake hayapatikani katika kitabu chochote cha Peters wala cha Chanler: mafuriko ya kabla ya bwawa yalifika wapi, malka hii ilikuwa ikipitia shamba la nani na kwa makubaliano gani, na maji yalipopungua kila nyumba ilipanda nini.